Doti tano kutoka Mtaa wa Uhuru, kwa macho ya mpanga kurasa

Kati ya doti zote za kanga (doti ni jozi yake) tulizotoka nazo dukani, iliyonikaa moyoni ni ya MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE, ya bluu ya bahari na manjano, Sh 22,000. Najua, jina hilo, yaani msemo uliochapwa juu yake, ni la kale, kila bibi analo sandukuni. Lakini aliyechora toleo hili alilisoma jina kwanza, akalielewa linapumua wapi, ndipo akashika kalamu. Kanga za namna hiyo siku hizi unazitafuta kwa tochi.

Niseme mapema, mimi kazi yangu ni kupanga kurasa. Kadi za harusi, kalenda, vipeperushi, vitabu vya wimbo vya kwaya, kila kinachochapwa mjini hapa kimepita mezani kwangu angalau mara moja. Mteja analeta maneno, mimi nayatafutia pa kukaa. Kwa hiyo nikishika kanga siwezi kusoma jina nikaishia hapo, lazima nitazame herufi zimesimama wapi na kile kilichochorwa juu yake kinataka nini. Shangazi yangu, aliyenikokota hadi Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, tukanunue sare na zawadi za kichenpati ya binti yake, anasema huo ni ugonjwa. Yeye jina la kanga analisoma kwa namna moja tu: nani atakayeona amesemwa.

Umbo la kanga mnalijua. Kitambaa cha pamba, karibu sentimita 150 kwa 110, pindo limezunguka pande nne, mji, yaani uwanja wa picha, katikati, jina limelala chini ya mji, juu kidogo ya pindo la chini. Mchoraji hana ruhusa ya kuhamisha chochote. Akiweka jina juu, watu watasema kanga imechapwa kichwa chini. Ubanwaji huo wengine wanauona adhabu, mimi naufananisha na shairi la tarbia: mishororo minne, kila mshororo mizani (silabi) 16, umekatwa katikati 8 kwa 8, kina cha kati na kina cha mwisho. Mtunzi wa tarbia anajua tangu mwanzo pumzi itakatika wapi. Ufundi wake wote unaonekana katika kile anachokiweka kabla ya hapo na baada ya hapo. Mchoraji wa kanga naye ndivyo alivyo, ila yeye ana mapigo mawili ya kuyapatanisha, la picha na la maneno, na mara nyingi maneno kapewa na mwenye duka, hakuyatunga yeye.

Chukua JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, doti ya pili, zambarau na nyeupe, Sh 15,000. Lihesabu. Nusu ya kwanza mizani 5, ya pili mizani 6. Kina ni kimoja, -ti kwa -ti. Sasa hesabu herufi: 10 kushoto, 11 kulia. Maana yake ukiliweka jina hili katikati ya mstari, pumziko la ulimi linaangukia karibu kabisa na katikati ya kitambaa. Hukulazimisha kitu, lugha yenyewe imekupimia. Na mchoraji ameliona hilo. Katikati ya mji kuna korosho mbili kubwa zimegeukiana, vichwa vimekaribiana bila kugusana, na ule upenyo ulio kati yao ukiufuata kwa kidole kushuka chini unafika moja kwa moja kati ya SIPATI na TAMAA. Anayekosa na asiyekata tamaa wanatazamana, na picha inasema hivyo hivyo. Herufi zina kimo cha sentimita 4, zimepewa hewa pande zote. Kuna kipande cheupe kushoto na kulia mwa jina ambacho mchapaji mwenye pupa angekijaza maua, huyu akakiacha. Ningekuwa natoa alama darasani, hii ndiyo ningeibandika ubaoni.

Doti ya tatu nayo ningeibandika, kwa sababu nyingine. NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Kwa maneno ni kazi safi: mizani 11 kwa 12, herufi 22 kwa 23, na ule mchezo wa *meno yake* na *maneno yake* ambao kila mtu aliyewahi kusengenywa anaupenda. Tatizo ni herufi 45. Mji wa kanga haurefuki kwa sababu umependa methali ndefu. Hapa wamezibana hadi kimo cha sentimita 2, nyembamba, zimekaribiana kiasi kwamba MENO na YAKE zinasomeka kama neno moja. Shangazi alilisoma kwa sababu analijua kwa moyo. Mtu mgeni angehitaji kumwomba mvaaji asimame.

Na juu yake, simba. Uso mzima wa simba, umejaa mji, mdomo wazi, meno kama majembe. Hapa ndipo nilipomwambia shangazi, "Hawa hawakusoma mpaka mwisho." Jina linaanza na simba ili limwache. Uzito wake wote uko upande wa pili, kwa yule mtu na maneno yake, na ndiyo maana nusu ya pili imezidi kwa mizani moja. Picha imekamata neno la kwanza ililoliona ikaganda hapo. Wateja wangu wa kadi hufanya vivyo hivyo: kadi ya kumkaribisha mtoto, wanataka picha ya mtoto, ya kiatu cha mtoto, ya chuchu ya chupa na neno *mtoto* mara nne. Picha ikisema kile kile ambacho neno limesema, moja kati ya hivyo viwili limekula nafasi bure. Laiti wangechora njia tupu, au mlango umefungwa, au hata korosho tu, jina lingefanya kazi yake lenyewe.

Sh 12,000, na hata uchapaji wake ni wa haraka. Rangi za kanga huwekwa moja baada ya nyingine, kila rangi na chapa yake, na moja ikiteleza kidogo inaacha ukanda mweupe pembeni ya mstari mweusi. Huyu simba nyekundu yake imeteleza, kwa hiyo ana manyoya mawili, yake na ya kivuli chake. Tuliiloweka kwenye maji ya chumvi usiku kucha kama tunavyoloweka kanga zote mpya. Asubuhi maji yalikuwa kama juisi ya rozela. Kiwanda sitakitaja, ila ukiikuta mtaani utaitambua kwa yule simba.

Ya nne, WAZAZI NI DHAHABU KUWATUNZA NI THAWABU. Kijani na machungwa, Sh 15,000. Ni kanga nzuri, haina kosa, haina ujasiri. Mananasi manne kwenye kona, ua katikati, jina limekaa sawa. Iende.

Sasa turudi kwenye ile ya kwanza, maana nimewaahidi. MDHANIAYE NDIYE, mizani 7. KUMBE SIYE, mizani 4. Herufi 14 kwa 9. Jina hili limelalia upande mmoja, na kulala huko ndiko utamu wake: unapanda ngazi ndefu ya matumaini, *mdhaniaye ndiye*, halafu ngazi inakwisha ghafla. Ukilipanga kama unavyopanga mengine, katikati pa mji pakiwa ndipo katikati pa maneno, mstari wa katikati unaipasua NDIYE vipande viwili na pumziko linapotea. Nimeona matoleo mengi ya namna hiyo. Hili limefanya tofauti. Pumziko limewekewa ua dogo la manjano, mahali pake halisi, yaani kulia kwa katikati. Kushoto kwa ua maneno yamekaa karibu karibu. Kulia, KUMBE SIYE imepewa herufi za kimo kile kile lakini nafasi kati ya herufi na herufi imeongezwa, kwa hiyo maneno mawili mafupi yanachukua ardhi karibu sawa na yale mawili marefu, na jicho likifika huko linatembea polepole. Katika mji, tausi kasimama kushoto, shingo nyembamba, karibu yote mistari tu. Mkia wake umemwagika kuelekea kulia mpaka juu ya KUMBE SIYE, macho yote ya mkia yamejaa manjano. Uzuri wote uko juu ya maneno yanayosema siye. Sijui kama mchoraji alikusudia kejeli hiyo. Mimi naipokea.

Urari wa namna hii ni mgumu kuliko ule wa korosho mbili. Kule vitu viwili vinalingana kwa sababu vinafanana. Hapa maneno machache yanabeba rangi nyingi, na maneno mengi yamewekwa chini ya mistari myepesi, na kitambaa bado kimesimama. Anayeandika shairi huru analijua jambo hili, kwamba ukiiacha mizani ya kuhesabu lazima ulipe kwa uzito wa aina nyingine.

Kuna jaribio moja zaidi ambalo mpanga kurasa hulisahau, kwa kuwa ukurasa haujifungi kiunoni. Kanga haisomwi ikiwa imetandazwa mezani. Inasomwa ikitembea, nyuma ya mtu, na pande zake mbili zimekwenda kukutana mbele. Anayefuata nyuma anaona sehemu ya kati tu ya jina. Nikamwomba binti wa shangazi azijaribu moja moja na atembee kutoka jikoni hadi barazani, mimi nimekaa nyuma. Ile ya korosho, niliyoisifu hapo juu, kwa nyuma ilisomeka SIPATI TAMAA. Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. "Bibi harusi mtarajiwa hapati tamaa, mwanangu! Hiyo tukampe nani?" Ya simba ilisema MENO YAKE SIOGOPI, ambayo kwa kweli ni bora kuliko jina zima. Ya wazazi: DHAHABU KUWATUNZA, ushauri wa benki. Ya tausi ilionyesha NDIYE, ua, na mwanzo wa KUMBE, kisha kitambaa kikazunguka kiuno. Hapo sentensi imening'inia, na unajikuta unaongeza mwendo ili uone upande wa pili. Ule mkia nao unageuka na nyonga. Shangazi, ambaye hakuwa ametaka kusikia habari za tausi, akasema, "Hii ivaliwe na mtu anayejua kutembea."

(Kwa jambo hili hili nawashangaa wanaoweka sura za viongozi kwenye mji wa kanga za uchaguzi. Sura inakaa katikati. Katikati panakaliwa.)

Doti ya tano ni kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe, ile ya harusi za pwani, Sh 18,000, na hii tuliyoipata haina jina kabisa. Niliinunua kwa pesa yangu. Hapo zamani, kabla ya kanga kuwa kanga, inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walikuwa wananunua leso za kuchapwa zikiwa bado hazijakatwa kwenye jora, sita kwa mara moja, wanazikata tatu tatu na kuziunga ubavu kwa ubavu zipate kutosha kiunoni. Ukiitazama kisutu bado unaiona ile hesabu ya miraba: kitu kidogo kimerudiwa, kikarudiwa, mstari juu ya mstari, kama mtu anayetaja majina ya ukoo. Hakuna sentensi ndani yake. Sentensi imekuja baadaye. Mfanyabiashara mmoja wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887 na watu wakimwita Abdulla, alizitia kanga zake alama ya *K.H.E. – Mali ya Abdulla*, na mara nyingi akiongeza na msemo. Misemo ya mwanzo ilichapwa kwa herufi za Kiarabu, ndipo zikaja hizi za Kirumi. Hapo mimi huwaza: jicho lililozoea kuanza kulia lilisoma kanga ile ile ambayo baadaye jicho lingine likaisoma kutoka kushoto, na umbo la kitambaa halikulazimika kubadilika. Mji unaolingana pande zote mbili haujali unaingilia mlango upi. Ile tausi yangu isingeweza. Geuza maandishi yaanzie kulia na kejeli yote inakufa, maana utakutana na mkia kabla ya shingo.

Kuhusu duka. Liko upande wenye kivuli asubuhi, si mbali na Mnazi Mmoja, na sitalitaja kwa sababu ya malalamiko yanayofuata. Mzigo wanao, haujapata kuona. Kanga zimepangwa ukutani hadi darini, kila doti imekunjwa ili jina na ukanda wa pindo tu ndivyo vitokeze. Watu wanaziita kwa jina: "Nishushie ile ya *sisi sote abiria*," na kijana anapanda ngazi. Ni utaratibu mzuri kwa muuzaji. Kwa mnunuzi maana yake ni kwamba unanunua maneno na mji unakuja kukutana nao nyumbani. Kanga ya simba ilitupata hivyo hivyo, kwa nje unaona methali na pindo la mistari mizuri tu. Kijana hapendi kufungua. "Anti, nikifungua kuikunja tena ni kazi, na hii jina lake kali, haihitaji kuangaliwa." Mzee aliyekaa kwenye droo ya pesa ndiye aliyemwambia afungue, na tangu hapo akawa anafungua bila kununa. Huyo mzee ni hazina. Nilipomuuliza nani anachora za tausi, hakujua, ila alinyoosha kidole moja kwa moja kwenye nyingine mbili za mkono ule ule, na hakukosea. Moja ina jahazi lililochorwa likiwa limekaribia kutoka nje ya mji, tanga limegusa pindo. Sikuwa na pesa.

Malalamiko ni ya sare. Tulitaka doti za JAPO kwa kamati nzima, tukaahidiwa mzigo mmoja. Tulipofungua mafurushi nyumbani, theluthi ilikuwa ya jora lingine: mchoro ule ule, jina lile lile, zambarau nyingine, imeelekea kwenye wekundu. Mtu mmoja mmoja hutagundua. Wakisimama safu moja kwenye picha, ni kama kwaya iliyokodi sauti ya nne kutoka kanisa jingine. Tulirudi, wakatubadilishia nusu ya zile mbovu, kwa maneno mengi. Risiti walikuwa wameandika *kanga* tu, bila jina wala rangi, kwa hiyo mkiandikiwa risiti ya jumla simamieni waandike vyote.

Bei wanapunguza ukichukua kuanzia doti kumi, hapo chini ya kumi wanakuangalia tu. Kupinda hawapindi, ila fundi yuko barazani nje, Sh 1,000 kwa doti, na anapinda upindo mwembamba usiokula mapambo ya pembeni. Mwambieni akate katikati hasa. Doti moja alikata akipendelea upande mmoja, tukapata kanga yenye ukingo mpana na mwenzake mwembamba.

Mgawanyo ulikwisha hivi. Ya wazazi imekwenda kwa mama mkwe mtarajiwa, shangazi alisema haina mwiba hata ukiutafuta kwa miwani. Ya simba ameichukua jirani yake mwenye kesi ya mpaka wa shamba. Za JAPO zilivaliwa kama sare, pamoja na onyo kwa wote wazifunge mabegani, ambako jina linalala mgongoni karibu lote. Ya tausi shangazi ameniomba mara mbili na nimemjibu kwamba bado naitazama. Mwenye kuitaka, ulizeni kwa jina, halafu muombe ifunguliwe, kwa kuwa kwenye rafu ile ile kuna MDHANIAYE NDIYE nyingine ya pinki, Sh 13,000, yenye nyota katikati iliyotua juu ya herufi Y.